Nimeanza masomo ya dresaji kwa mwalimu mpya hapa Tanga, naye amenirudisha mwanzo kabisa: naomba mawazo ya waliopitia

Mleta mada (Ngamiani, Tanga)

Wanajukwaa, salaam. Naomba mniruhusu nieleze jambo langu kwa urefu, kwa sababu nimetafuta maelezo ya Kiswahili kwa mtu anayeanza dresaji na sikupata ya kunitosheleza, na huenda yupo mwenzangu hapa Pwani ambaye amekutwa na hali kama yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nina umri wa miaka 38. Niliingia kwenye mambo ya farasi kupitia kazi. Kuna shamba nje ya mji, upande wa barabara ya Pangani, lenye farasi wanne, na mwenye shamba alinipa kazi ya kushona vitambaa vinene vinavyotandikwa mgongoni kabla ya tandiko. Shemeji yangu ndiye saisi wa pale. Kila nilipopeleka kazi nilikuwa nikikawia bandani, hadi siku moja mwenye shamba akapendekeza kwamba sehemu ya ujira wangu niipokee kwa njia ya masomo ya kupanda, nami nikakubali bila kusita. Nilisoma kwa mwalimu wa kwanza miaka miwili, kisha akahama. Tangu miezi miwili iliyopita niko kwa mwalimu mpya, mama wa makamo ambaye amefundisha dresaji kwa miaka mingi kabla ya kuja Tanga.

Kwa wasioifahamu, dresaji ni ustadi wa kumzoeza farasi afuate ishara ndogo za mwili wa mpandaji, kwa mwendo wenye mizani na bila kulazimishwa, ndani ya uwanja bapa wa mita 20 kwa 40, au mita 20 kwa 60 katika mashindano makubwa. Imo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1912. Mwamuzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa kila kipengele, lakini si lazima mtu awe na nia ya kushindana ndipo aisome. Mimi sina nia hiyo. Miendo inayotumika ni mitatu. Upo mwendo wa hatua, ambao kwato hugusa ardhi moja moja na kutoa mapigo manne. Upo mwendo wa matiti, ambao mguu wa mbele wa upande mmoja hutua pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, hivyo mapigo ni mawili. Upo pia mwendo wa kanta, wenye mapigo matatu na nukta ya kuelea hewani baada yake. Shoti, ambayo ndiyo watu wengi huifikiria wanaposikia neno farasi, haimo. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba matiti, shoti na telki ni maneno ambayo wazee wetu wa Pwani walikuwa nayo tayari, kwa hiyo tunapoijadili elimu hii kwa Kiswahili hatuanzi mikono mitupu.

Sasa niseme kilichonifanya nianzishe uzi huu.

Siku ya kwanza mwalimu mpya hakunipandisha farasi. Alikaa nami kwenye ukingo wa banda akaniuliza maswali: nimepanda kwa muda gani, nina maumivu mahali gani, nimewahi kuanguka, ninaogopa nini, na ninataka dresaji inifanyie nini. Kisha akaniomba nimtoe bandani Shwari, farasi ninayempanda, nimpige brashi na kumtandika, huku yeye ametulia pembeni anatazama. Alikuja mara moja tu, akapitisha kiganja chini ya tandiko kutoka mbele hadi nyuma kuona kama kuna mahali linapobana au kuning'inia. Akaniuliza uzito wangu bila kunionea haya, akanifundisha namna ya kukadiria uzito wa farasi. Unapima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, kisha unazidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita, kisha unagawanya kwa 11,880. Kwa kuwa futi ya fundi ina sentimita 150 tu, nilitumia uzi na kuupima baadaye. Shwari ana mzunguko wa 182 na urefu wa 170, yaani takribani kilo 474, na ushauri unaofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi kama asilimia 20 ya uzito huo, ambayo ni kilo 95 hivi. Katika miaka miwili ya nyuma hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mgongo wa farasi una hesabu yake.

Somo la pili ndilo lililoniumiza. Mwalimu alivifunga vigwe, yaani kamba za kumwongozea farasi, shingoni mwake nisivishike, akavikunja vikuku, yaani vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko, mbele ya tandiko nisitie miguu, akamfunga Shwari kamba ndefu na kumzungusha katika duara huku mimi nimekaa juu nikiwa sina cha kushikilia ila mkanda mdogo wa mbele ya tandiko. Dakika 20, nyingi kati yake kwa mwendo wa hatua. Akaniambia nifumbe macho na nitaje kwa sauti kila mguu wa nyuma wa kushoto unapokanyaga. Sikuweza. Baada ya miaka miwili ya kupanda, ya kwenda hadi ufukweni na kurudi, nilikuwa sijui mguu gani wa farasi uko wapi chini yangu. Vijana wawili wa shamba walikuwa wanatazama, na niliporudi nyumbani niliamua moyoni kwamba sitarudi.

Nilirudi kwa sababu ya jambo alilosema wakati tunamwosha farasi. Alisema kwamba bega langu la kulia limeshuka kuliko la kushoto na kwamba nyonga yangu ya kulia inamkandamiza Shwari upande mmoja, ndiyo sababu kila tulipokuwa tunageuka kushoto alikuwa anakwepa. Mimi nimekaa kwenye cherehani tangu nikiwa na miaka 17, nikisukuma kitambaa kwa mkono wa kulia. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiambiwa kwamba farasi huyo ni mkaidi wa kushoto, nami nilikuwa nikimvuta kigwe cha kushoto kwa nguvu zaidi. Ukaidi ulikuwa ni mwili wangu, na aliyekuwa akivutwa mdomo kwa ajili yake ni yeye.

Hapa niseme ukweli kuhusu mafunzo yangu ya awali, na sitamtaja mtu. Nilifundishwa kwamba dresaji ni kumfanya farasi ainamishe kichwa, na kwamba kichwa huinamishwa kwa mikono: unavuta kulia, unavuta kushoto, mpaka shingo ipinde. Kwa macho ya mtazamaji ilipendeza. Mwalimu mpya amenieleza kwamba shingo ni matokeo. Farasi akisukuma kwa miguu ya nyuma, mgongo wake ukanyanyuka chini ya mpandaji aliyekaa kwa mizani, shingo hujikunja yenyewe, utosi ukiwa ndio sehemu ya juu kabisa na pua ikiwa mbele kidogo ya mstari wima. Ukianza kwa kuvuta kichwa, unaifunga miguu ya nyuma ambayo ndiyo chanzo cha kila kitu. Wajerumani wameipanga safari hii kwa hatua sita: kwanza mdundo, kisha ulegevu wa misuli na utulivu wa akili, kisha mgusano wa mkono na mdomo, kisha msukumo, kisha unyoofu, na mwisho kabisa ukusanyaji, ambapo farasi hubeba uzito zaidi kwa miguu ya nyuma na kuwa mwepesi mbele. Mimi nilikuwa nimeanzishwa na sura ya hatua ya sita. Kwa lugha ya kazi yangu, nilikuwa natia vifungo kwenye kitambaa ambacho hakijakatwa.

Somo la tatu lilifichua jambo lingine, na hili ni kosa langu. Mwalimu aliponiuliza siku ya kwanza kama nimewahi kuanguka, nilijibu kwamba sijawahi. Haikuwa kweli. Mwaka jana Shwari alishtuka akaenda shoti nikaanguka, nikagonga kichwa, na tangu siku hiyo mapaja yangu hukaza kila anapoongeza mwendo. Mwalimu aliliona bila kuambiwa. Alimsimamisha farasi, akaniuliza tena kwa upole, nikamweleza. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu woga wangu, lilikuwa kuhusu kofia: je, ni hii hii uliyoangukia? Nilipojibu ndiyo, somo liliishia pale. Kofia ya kupandia ikishapata kishindo kikubwa haiaminiki tena, hata kama huoni ufa, kwa sababu tabaka la ndani huwa limeshabonyea. Nilisubiri wiki mbili hadi nikapata nyingine. Nawasihi wanaoanza kwa mwalimu mpya: msifiche kuanguka kwenu. Mwalimu anapanga somo kwa kufuata mlichomweleza, na akipewa taarifa ya uongo atawaweka mahali ambapo mwili wenu hauko tayari.

Na kwa dada zangu wanaojistiri, jambo dogo ambalo hakuna aliyenieleza: chini ya kofia vaeni mtandio mwembamba unaobana, usiwe na pini wala banio wala fundo la nyuma, kwa sababu kofia lazima ikae sawasawa kwenye fuvu, na pini kichwani wakati wa kuanguka ni hatari. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku.

Wiki ya tano nilirudishiwa vikuku, na wiki ya sita vigwe. Nilipovishika nilielewa kwa mara ya kwanza neno mgusano. Kila fundi anajua mkazo wa uzi kwenye cherehani: ukikaza mno uzi unakatika na kitambaa kinajikunja, ukilegeza mno unapata mafundo upande wa chini. Mkono kwenye kigwe ni vivyo hivyo, isipokuwa mkazo huu ni hai, unabadilika kila hatua, kwa sababu kichwa cha farasi huenda mbele na kurudi katika mwendo wa hatua na kiwiko chako lazima kimfuate. Mwalimu amenifundisha pia lile tunaloliita sasa nusu-simamo: unanyoosha mgongo, unashusha pumzi, unafumba vidole kwa nukta moja, kisha unaachia. Kule kuachia ndiko kunakomwambia farasi kwamba ameelewa. Nilipolipata kwa mara ya kwanza Shwari alijiinua mbele kidogo kama mtu anayekaa sawa kitini, nami machozi yalinitoka.

Kazi yangu ya sasa ni duara la mita 20. Linasikika jepesi. Langu lilikuwa yai, kwa sababu nilikuwa nikiangalia masikio ya farasi badala ya kuangalia ninakokwenda. Hapo ndipo ufundi ulinisaidia: nikakumbuka jinsi tunavyochora sketi ya mwavuli kwa uzi uliofungwa katikati. Tukachomeka kigingi mita 10 kutoka upande mfupi, tukafunga kamba ya mita 10, nikatembea kwa miguu nikimwaga chokaa. Nilipomaliza niliona kwamba duara la kweli hugusa upande mrefu mahali pamoja tu, mita 10 kutoka kona, na kwamba mimi nilikuwa nikiubembeleza ukuta kwa mita nane au tisa.

Swali langu kwenu ni hili. Ninaamini kwamba mwalimu huyu yuko sahihi, lakini baadhi ya jamaa zangu wanasema kwamba amenidharau, na kwamba mwalimu mzuri huendeleza alichokikuta. Nimefikia mahali ambapo lazima niamue kama nitaendelea naye kwa mwaka mzima. Ninyi mliobadilisha walimu, mlijuaje?

Mchangiaji wa kwanza (Chumbageni)

Dada, nakushukuru kwa maelezo marefu na ya wazi. Hata hivyo niruhusu nisimame upande wa jamaa zako. Mwalimu wako wa kwanza ndiye aliyekutoa kwenye hofu ya kumkaribia mnyama hadi ukaweza kwenda naye ufukweni, na hilo si dogo. Nimeona katika fani nyingi kwamba mwalimu anayeingia huanza kwa kubomoa kazi ya aliyetoka, wakati mwingine kwa haki na wakati mwingine ili aonekane yeye ndiye anayejua. Tena, kumkalisha mtu wa miaka 38 juu ya farasi bila vikuku wala vigwe, wakati mwalimu hajui kwamba mwanafunzi aliwahi kuanguka, naona ni hatari. Ningependa kujua kama alikushirikisha kabla ya kufanya hivyo au alikuamuru tu.

Mchangiaji wa pili (Bagamoyo)

Mleta mada, nimetunza farasi na kuwapandisha watu hapa Bagamoyo kwa muda mrefu, na nimekwisha badilisha walimu mara tatu. Naomba nimjibu kwanza ndugu yangu wa Chumbageni.

Mazoezi ya kamba bila vikuku ni ya zamani na hayana dharau ndani yake. Katika chuo cha upandaji cha Vienna, ambacho kimeitunza sanaa hii kwa karne nyingi, mwanafunzi huanza kwa kuzungushwa kwenye kamba bila vikuku na bila vigwe kwa muda mrefu kabla hajakabidhiwa farasi amwongoze mwenyewe. Sababu ni ya huruma kwa mnyama: mpandaji asiye na mizani hujishikilia kwa vigwe, na mwisho wa vigwe ni lijamu, na lijamu limo mdomoni, juu ya ulimi. Kumwondolea mpandaji vigwe kwanza ni kumpunguzia farasi maumivu. Ninakubaliana nawe hata hivyo kwamba zoezi hilo linahitaji farasi mtulivu, ardhi laini, mwalimu mwenye mkono thabiti na ridhaa ya mwanafunzi.

Umeuliza tulijuaje. Mimi nilimjua mwalimu wangu wa tatu kwa namna alivyomaliza masomo. Wawili wa kwanza walimaliza saa ilipofika. Wa tatu alikuwa akimaliza farasi alipofanya vizuri, hata kama zimebaki dakika 15, akamlegezea vigwe anyooshe shingo, akasema inatosha kwa leo. Mwanzoni nilidhani ananipunja. Baadaye niliona kwamba farasi yule yule aliyekuwa akirudi nyuma anapoona tandiko alianza kuja mwenyewe mlangoni. Basi nakushauri umtazame Shwari. Anakupokeaje sasa, ukilinganisha na miezi miwili iliyopita?

Kuhusu uwanja, kwa wasio na shamba lenye ardhi bapa, sisi hapa tunautumia ufuko wakati wa kupwa. Mchanga mkavu wa juu ni wa kina na huchosha kano za miguu ya farasi, kwa hiyo tunakwenda kwenye mchanga wenye unyevu uliojibana baada ya maji kutoka, na siku za bamvua ndizo bora kwa kuwa maji hurudi nyuma sana na nafasi ni kubwa. Pembe tunazipata kama fundi wa nyumba: kamba ya mita 3, ya mita 4 na ya mita 5. Ukitaka kuhakikisha, pima kona hadi kona. Pembe za uwanja wa 20 kwa 40 zikiwa mraba sawasawa, kila mshazari una mita 44 na sentimita 72. Herufi zinazoonyesha mahali mbalimbali uwanjani tunaziandika kwenye madumu ya mafuta na kuyapanga. Ukiingia kwenye A na kwenda kwa mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia ukiwa ndani, utakutana na A, K, E, H, C, M, B, F. Herufi za karibu na kona ziko mita 6 kutoka kona, na E na B ziko katikati ya pande ndefu. Katikati ya uwanja ni X, hapo ndipo mpandaji husimama na kumwamkia mwamuzi aliyekaa C. Vijana wangu nimewafundisha kwa sentensi hii nao hawasahau: Ali Kaka, Endesha Hatua Chache, Mwongoze Bila Fimbo. Mkimaliza, osheni miguu na kwato kwa maji baridi yasiyo ya chumvi.

Mchangiaji wa tatu (Muheza)

Mimi ni daktari wa mifugo, wagonjwa wangu wengi ni ng'ombe, lakini farasi na punda nawahudumia pia. Nitaongeza machache ambayo mwanafunzi anaweza kuyatumia kumpima mwalimu yeyote.

Kwanza, saa za masomo. Kuna ugonjwa wa virusi unaowaua farasi wengi barani Afrika, huku punda wakiuhimili zaidi, nao huenezwa na visubi wadogo wanaouma hasa kuanzia machweo hadi mapambazuko. Mwalimu anayeanza somo kabla jua halijatoka, au anayeliacha liingie magharibi, hasa baada ya mvua, anamweka farasi kwenye hatari isiyo ya lazima. Upande mwingine kuna joto letu, na katika miezi ya Januari hadi Machi unyevu wa Tanga huzuia jasho lisikauke, hivyo farasi hapoi kwa jasho lake mwenyewe. Saa 1:00 hadi 2:30 asubuhi ndio muda ninaowashauri wenye farasi.

Pili, mapigo ya moyo. Farasi mzima aliyetulia ana mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Jifunze kuyahesabu chini ya taya, mahali mshipa unapopita juu ya mfupa. Baada ya somo la kawaida napenda kuona yameshuka chini ya 60 ndani ya dakika 10 hadi 15. Yasiposhuka, mwagieni maji mwili mzima, tena na tena, msiogope ubaridi wake. Dhana kwamba maji baridi humdhuru farasi mwenye joto imeenea sana, ila utafiti uliofanywa kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, iliyotarajiwa kuwa na joto kali, ulionyesha kwamba kummwagia maji baridi ni salama na ndiyo njia bora ya kumpoza.

Tatu, farasi anayeitwa mkaidi apimwe kwanza. Nimekuta meno yenye ncha zinazokata shavu, nimekuta mgongo wenye maumivu chini ya tandiko lisilomfaa, na wote hao waliletwa kwangu kwa jina la ukaidi. Mwalimu wako alipitisha kiganja chini ya tandiko kabla ya kukufundisha lolote. Kwa upande wangu hilo peke yake linatosha kunifanya nimwamini.

Mchangiaji wa nne (Pangani)

Ndugu zangu, nimeusoma uzi huu wote nikiwa na swali ambalo sikuwahi kuthubutu kuliuliza. Nilipata polio nikiwa mtoto, mguu wangu wa kushoto hauna nguvu kuanzia gotini kwenda chini, na natembea kwa fimbo. Nina miaka 29. Nimelelewa na punda wa babu, nawapenda wanyama hawa, lakini kila mara nimeambiwa kwamba kupanda ni kwa wenye miguu miwili. Mleta mada amesema kwamba walimwondolea vikuku kabisa na bado alifundishwa. Je, mtu kama mimi anaweza kuanza dresaji, au niendelee kuwa msomaji?

Mchangiaji wa pili (Bagamoyo)

Mdogo wangu wa Pangani, swali lako lina jibu, na jibu lenyewe lina jina. Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944, akabaki amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana katika dresaji, alipata medali ya fedha akishindana na watu wenye miguu yao kamili. Alisaidiwa kupanda na kushuka, lakini alipokuwa juu hakuna aliyemsaidia. Mwaka 1956 akaipata tena. Siku hizi dresaji imo katika kila Michezo ya Paralimpiki tangu ile ya mwaka 1996, na washindani hupangwa kwa madaraja kufuatana na uwezo wa mwili, ambapo daraja la kwanza hupanda kwa mwendo wa hatua tu. Ishara kuu za dresaji hutoka kwenye nyonga, mgongo na pumzi. Mguu usio na nguvu unaweza kusaidiwa na fimbo ndefu nyembamba inayomgusa farasi kwa wepesi mahali ambapo mguu ungemgusa.

Mleta mada (Ngamiani, Tanga)

Nawashukuru wote. Nitajibu kwa mpangilio.

Ndugu wa Chumbageni, swali lako ni la haki na nililichukua hadi kwa mwalimu mwenyewe. Alinieleza kabla ya somo lile atakachokifanya na akaniuliza kama niko tayari, nami nilijibu kwamba niko tayari. Kilichokosekana ni ukweli wangu kuhusu kuanguka. Aliposoma maneno yako alisema kwamba angefanya mazoezi ya hatua tu kwa wiki nzima kama angelijua hilo. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba mtu aliyenifundisha kwanza alinipa ujasiri na mazoea ya banda, na kwamba kazi yake ingekuwa ngumu zaidi bila hayo. Sikuwa nimelisema hilo kwenye maelezo yangu ya mwanzo, na nilipaswa kulisema.

Daktari, leo asubuhi nimehesabu mapigo kwa mara ya kwanza. Shwari alikuwa na 36 kabla ya somo na 52 dakika kumi baada ya kuoshwa. Shemeji yangu ameanza kuyaandika kwenye daftari la banda kwa farasi wote wanne.

Kaka wa Bagamoyo, umeniambia nimtazame farasi, nami nimemtazama kwa siku nne. Zamani nilipomletea lijamu alikuwa akiinua kichwa hadi nisiweze kumfikia, na nilikuwa nadhani ndiyo desturi yake. Juzi na jana aliteremsha kichwa akakifungua kinywa mwenyewe. Nimeshamwambia mwenye shamba kwamba ninaendelea kwa mwaka mzima, na kwamba nitashona vitambaa vya farasi wote wanne kwa hesabu hiyo.

Nawe mdogo wangu wa Pangani, nimemwonyesha mwalimu ujumbe wako kabla hatujamtandika Shwari. Hakusema ndiyo kwa haraka, alikaa akafikiri, kisha akanipa maswali nikuletee: uzito wako ni kilo ngapi, je, unaweza kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo kwa dakika kumi bila kushika kitu, paja la kushoto lina nguvu kiasi gani, na je, goti hilo linakunjika bila maumivu. Ameomba pia umwone daktari wako kwanza na upate ruhusa yake. Wakati huo huo amemwonyesha fundi mwashi mahali pa kujenga jukwaa la kupandia lenye ngazi tatu pana na nguzo ya kushikilia upande wa kushoto, na tofali zimeshashushwa pembeni mwa banda. Nijibu maswali hayo kwa ujumbe wa faragha, kisha utuambie siku utakayoweza kufika. Wa kukuzungushia kamba atakuwa mwalimu, na farasi atakuwa Shwari.